Uzazi wa mpango na vipimo vya kinamama bila kulipa: mwongozo kamili kwa Tanzania

Kila anapoulizwa kwa nini hajaenda kliniki, mwanamke mmoja kati ya wengi atakujibu, "Nasubiri bima." Asubiri ya nini? Kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali ya serikali, njia za uzazi wa mpango hutolewa bure. Mwenye kadi ya NHIF (bima ya afya ya taifa), mwenye CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii) na asiye na kadi yoyote wanakaa benchi moja na wanastahili huduma ileile. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka huduma za afya ya uzazi na mtoto kwenye msamaha wa gharama, na msamaha huo hauulizi kadi.

Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 31 ya wanawake walioolewa wanatumia njia ya kisasa, huku asilimia 21 wakitaka kupumzika kuzaa au kuacha kabisa lakini hawatumii njia yoyote. Hiyo asilimia 21 ndiyo ninayoiandikia. Wengine wanaogopa maneno ya mtaani, wengine walikwenda wakarudishwa mlangoni, na wengine hawajui waanzie dirisha gani.

Hatua ya 1: Tenganisha cha msamaha na cha bima

Kwa msamaha unapata ushauri, kondomu, vidonge, sindano, vijiti (vipandikizi), kitanzi ambacho wengi wanakiita lupu, na kufunga kizazi kwa mwanamke au mwanamume. Kutolewa kijiti au kitanzi ni sehemu ya huduma hiyohiyo. Kliniki ya wajawazito nayo imo, na kipimo cha awali cha saratani ya mlango wa kizazi, kile cha siki, hutolewa kwenye vituo vya serikali bila malipo. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, kwa mabinti pia ni bure.

Bima inaanza kazi mambo yanapokwenda mbele ya hapo: umekutwa na kivimbe kwenye titi unahitaji picha na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, damu inatoka nje ya siku zako na daktari anataka ultrasound, au unahitaji upasuaji. Hapo mwenye NHIF anatumia kadi yake, na mwenye CHF iliyoboreshwa (iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka katika mikoa mingi) anafuata ngazi ya rufaa kuanzia zahanati. Usiruke ngazi. Ukitoka kijijini ukaenda moja kwa moja hospitali ya mkoa bila barua ya rufaa, kadi ya CHF inaweza isikusaidie kitu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Unapojiunga na kitita chochote chini yake, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: kadi inapokelewa kwenye hospitali zipi karibu na unapoishi, na vipimo vya saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi vimo au havimo. Na kama unataka kwenda hospitali binafsi, usidhani kadi italipia kijiti au lupu kwa sababu tu umeipata kazini. Uliza dirisha la bima la hospitali hiyo kwanza.

Zanzibar ina Wizara yake ya Afya na mfuko wake wa huduma za afya, ZHSF, kwa hiyo habari za kadi zilizomo humu ni za Bara.

Hatua ya 2: Chagua kituo kulingana na unachokitaka

Zahanati ya kijiji au kata kwa kawaida ina kondomu, vidonge na sindano, na nyingi zina muuguzi anayeweka vijiti. Lupu inahitaji mtu aliyefunzwa na chumba chenye vifaa vyake, kwa hiyo mara nyingi utaipata kituo cha afya. Kufunga kizazi hufanyika penye chumba cha upasuaji. Mikoani kuna pia huduma mkoba, ambapo timu inatoka hospitali na kuja zahanati kwa siku maalumu kuweka lupu, vijiti, na wakati mwingine kufunga uzazi. Tarehe zake anazijua muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako. UMATI, chama kilichoanza mwaka 1959, na shirika la Marie Stopes nao wana kliniki na timu zinazotembea.

Jambo moja ambalo watu huligundua wakiwa wameshafika: hospitali na zahanati za Kanisa Katoliki zinafundisha njia za asili tu. Baadhi ya hospitali hizo ndizo hospitali teule za wilaya, kwa hiyo unaweza kudhani ni za serikali kwa kila kitu. Kama iliyo karibu nawe ni ya namna hiyo, wao wenyewe watakuambia zahanati ya serikali ilipo.

Duka la dawa muhimu linauza vidonge na kondomu. Ni msaada kwa anayejua tayari vidonge vyake, lakini kwa mara ya kwanza nenda kliniki, kwa sababu dukani hakuna atakayekupima presha.

Hatua ya 3: Jiandae

Beba kadi yoyote ya kliniki uliyowahi kupewa, hata ya mtoto, na dawa unazotumia au majina yake. Hili la dawa ni zito kuliko linavyoonekana. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti. Efavirenzi, ambayo baadhi ya wanaoishi na VVU bado wanaitumia, hupunguza nguvu ya vijiti, wakati dolutegravir haina shida hiyo. Mwanamke anayeficha dawa zake kwa aibu anaweza kupata mimba na kijiti kikiwa mkononi. Sindano ya miezi mitatu na lupu ya shaba haziguswi na dawa hizo.

Ruhusa ya mume haihitajiki. Mwongozo wa taifa wa uzazi wa mpango unasema watu wote walio katika umri wa uzazi, vijana wakiwemo, wana haki ya taarifa na huduma bila kujali kama wameolewa au wana watoto wangapi. Kuzungumza na mwenzi ni jambo jema pale nyumba inaporuhusu, lakini nesi akikuambia "mlete kwanza baba watoto", huo ni utaratibu wake mwenyewe.

Hatua ya 4: Usikubali kurudishwa kwa sababu huna hedhi

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mama ametoka Kisarawe vijijini, amelipa bodaboda, amekaa foleni tangu saa mbili, kisha anaambiwa: "Rudi ukiwa kwenye siku zako." Harudi. Baada ya miezi mitatu anarudi kwa kliniki nyingine, ya wajawazito.

Mtoa huduma anataka kuhakikisha huna mimba, na ana haki ya kutaka hivyo. Lakini hedhi si ushahidi pekee. Kuna maswali sita yanayotumika duniani kote, na jibu la "ndiyo" kwa moja tu, ukiwa huna dalili za mimba, linatosha. Je, hedhi yako ya mwisho imeanza ndani ya siku 7 zilizopita? Je, hujakutana na mwanamume tangu hedhi hiyo? Je, umejifungua ndani ya wiki 4? Je, mimba imeharibika ndani ya siku 7? Je, mtoto wako hajafika miezi 6, ananyonya maziwa yako tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi? Je, umekuwa ukitumia njia nyingine ya kuaminika bila kukosea?

Yakariri, au yaandike kwenye simu. Ukirudishwa, sema kwa upole: "Dada nesi, nina mtoto wa miezi minne, ananyonya tu, na sijaona siku zangu." Mara nyingi mlango unafunguka. Jibu likiwa "hapana" kwa yote sita, omba kipimo cha mkojo au upewe kondomu za kutosha mpaka hedhi ijayo. Sindano au kijiti kikianza nje ya siku 7 za mwanzo wa hedhi, tumia kondomu kwa siku 7 zinazofuata. Lupu ya shaba inakinga tangu inapowekwa.

Hatua ya 5: Chagua njia kwa kujua hasara zake pia

Mtoa huduma akikutajia njia moja tu, uliza zilizobaki. Mimi ningeanza na swali hili: unataka kupumzika kwa muda gani?

Kama ni miaka mitatu na zaidi, kijiti na lupu ndizo zinazosahaulika vizuri, yaani hazikutaki ukumbuke chochote. Implanon ni kijiti kimoja cha miaka 3; Jadelle ni viwili, miaka 5. Vinawekwa chini ya ngozi upande wa ndani wa mkono usioutumia sana, kwa ganzi, na kidonda kinakauka kwa siku chache bila kuzuia jembe wala ndoo. Lupu ya shaba hukaa miaka 10 hadi 12 na haina homoni. Inaweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi, hasa miezi ya mwanzo. Kwa mwenye upungufu wa damu au mwenye hedhi nzito tangu zamani, ningefikiri mara mbili.

Sindano ya miezi mitatu inapendwa kwa sababu ni ya siri. Hakuna anayeiona. Ubaya wake ni kwamba ukiacha, mimba huchelewa: wengi hukaa miezi kadhaa, wengine karibu mwaka, kabla ya kushika. Hapa ndipo maneno ya "sindano inaleta ugumba" yalipozaliwa. Haileti ugumba, inachelewesha. Anayetaka mtoto mwakani achague kingine.

Vidonge vya kila siku vina aina mbili. Vya homoni mbili havifai kwa mwenye presha, kwa mvutaji sigara aliyefika miaka 35, kwa mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mimweko, wala kwa anayenyonyesha mtoto mchanga wa chini ya miezi 6. Anayenyonyesha anapewa vya homoni moja. Kwa vya homoni mbili, ukisahau viwili au zaidi mfululizo, endelea navyo na utumie kondomu kwa siku 7.

Damu kuvurugika ndilo lalamiko kubwa kwa sindano na vijiti: matone ya hapa na pale, kukosa hedhi miezi kadhaa, au kutoka siku nyingi. Kukosa hedhi ukiwa kwenye njia hizi hakumaanishi damu chafu inajikusanya tumboni. Ukuta wa kizazi haujajijenga, basi hakuna cha kutoka. Damu nyingi mfululizo inatibika kliniki. Rudi ukaombe dawa kabla hujaamua kutoa. Ukiamua kutoa, hulazimiki kumshawishi mtu. Muulize nesi siku ya kwanza kabisa, "Nikitaka kukitoa, nije wapi?" Na usikubali kijiti kitolewe na mtu mtaani kwa wembe.

Mjamzito aamue kabla ya kujifungua, kliniki za mwisho, na chaguo liandikwe kwenye kadi. Lupu inaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, kijiti kinaweza kuwekwa kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, na kufunga kizazi kunawezekana ndani ya siku 7. Sindano kwa anayenyonyesha husubiri wiki 6. Aliyeharibikiwa mimba anaweza kuanza njia siku hiyohiyo, wengi hawaambiwi.

Vidonge vya dharura, vinavyomezwa baada ya tendo la ndoa bila kinga, vinafanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku 3 za mwanzo na vinaweza kusaidia mpaka ya 5. Kwa anayevinunua kila wiki, ameshapata jibu kwamba anahitaji njia ya muda mrefu zaidi. Na katika orodha yote hii, ni kondomu pekee inayokinga VVU na magonjwa ya zinaa. Mwanamume anayefunga uzazi atumie kondomu kwa miezi mitatu baada ya upasuaji, maana mbegu zilizokuwa njiani bado zipo. Nguvu zake hazipungui.

Hatua ya 6: Ukiwa hapohapo, uliza kipimo cha siki

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Inachukua miaka mingi kukua, mara nyingi zaidi ya kumi, kutoka maambukizi ya kirusi cha HPV mpaka saratani. Miaka hiyo yote mabadiliko ya awali yanatibika kwa dakika chache kwenye kituo cha afya. Wengi wanaofika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wakiwa wamechelewa walipita kliniki mara kadhaa wakiwa na mtoto mgongoni na hakuna aliyewatajia kipimo hiki.

Kipimo kinalenga wanawake wa miaka 30 hadi 50, kila miaka 3 kama majibu ni mazuri. Anayeishi na VVU anaanza mapema na kurudia mara nyingi zaidi, na CTC, kliniki anakochukulia dawa za VVU, ndiyo itakayompangia. Usije ukiwa kwenye hedhi nzito. Siku moja au mbili kabla, usiingize dawa, maji ya ndimu wala kitu chochote ukeni, na pumzika tendo la ndoa.

Unalala kitandani, mtoa huduma anaingiza kifaa cha kufungulia uke, anapaka maji ya siki kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja hivi. Sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Inakera kidogo, haiumi kama kujifungua, kama wengine wanavyotishana. Majibu unapewa hapohapo.

Weupe si saratani. Ni mabadiliko ya awali, na penye mashine unatibiwa siku ileile kwa baridi kali au kwa joto. Baada ya hapo utatoka majimaji mengi kwa wiki kadhaa na utaambiwa usikutane na mume kwa wiki 4 hadi 6. Hapa mazungumzo ya nyumbani ni magumu. Ukimweleza kabla ya kwenda inakuwa rahisi kuliko ukirudi na masharti. Kama eneo ni kubwa au linatia shaka utapewa rufaa. Ichukue na uifuate, hata kama unajisikia mzima. Damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, na uchafu wenye harufu usioisha kwa dawa havisubiri ratiba ya miaka 3.

Rufaa ikikupeleka hospitali kubwa kama Ocean Road, Bugando ya Mwanza au KCMC ya Moshi na huna bima wala uwezo, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa. Yeye ndiye anayeshughulikia msamaha kwa wasio na uwezo, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji itamsaidia kukusaidia. Ichukue kabla ya kupanda basi.

Hatua ya 7: Binti

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilipanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Hutolewa shuleni, na asiye shuleni anaipata kituo cha afya. Uvumi wa kwamba inafunga kizazi umezungushwa kwenye WhatsApp kwa kila chanjo ya wasichana. Chanjo hii inazuia kirusi tu, na inafanya kazi vizuri kabla binti hajaanza mahusiano, ndiyo maana umri ni huo. Mama wa miaka 35 hawezi kuitumia badala ya kipimo cha siki, na binti aliyechanjwa atapimwa naye akifika umri.

Matiti

Hapa nitakuwa mfupi. Yajue matiti yako, na ukiona uvimbe, ngozi kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, nenda bila kusubiri kama itapotea. Muuguzi au daktari anaweza kukupima kwa mikono kwenye ziara ileile ya uzazi wa mpango. Picha ya X-ray ya matiti iko hospitali kubwa, na ndiyo sehemu ambayo bima inaonekana kazi yake. Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, hospitali nyingi hupima bure. Sikiliza redio ya mkoa wako.

Hatua ya 8: Ukidaiwa pesa, au dawa ikiwa imekwisha

Ukidaiwa pesa ya kijiti kwenye kituo cha serikali, omba namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti. Malipo halali ya serikali yana vyote viwili, na ombi hilo peke yake humaliza madai mengi. Likiendelea, muone mganga mfawidhi wa kituo, kisha kamati ya afya ya kituo, ambayo ina wananchi ndani yake, kisha mganga mkuu wa wilaya. Rushwa ya wazi ina namba ya TAKUKURU, 113, bila malipo.

Upungufu ni jambo lingine, na mara nyingi nesi hana kosa. Sehemu kubwa ya njia hizi ilikuwa ikinunuliwa na wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake mwaka 2025, shehena ya dawa za uzazi wa mpango yenye thamani ya karibu dola milioni 9.7 ilikwama kwenye maghala Ubelgiji, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa zikiisubiri. Kwa hiyo unaweza kufika ukaambiwa Implanon zimekwisha. Usiondoke mikono mitupu. Omba sindano, au mizunguko mitatu ya vidonge na kondomu, kama njia ya kukuvusha. Uliza kituo cha jirani kina nini, maana wauguzi wana namba za wenzao na wanaazimana. Acha namba yako ya simu, na uandikishwe kwa huduma mkoba inayofuata. Kama kijiti chako cha zamani kinakaribia kuisha muda, nenda mwezi mmoja au miwili kabla ya tarehe iliyo kwenye kadi, ili kikikosekana siku hiyo uwe bado umekingwa wakati unatafuta kingine.